Nani Anavuruga? Kitenzi, Mtenda na Lawama katika Mikoa ya Kusini

Msimu wa korosho ukifunguliwa, mtu anayeishi kati ya Lindi na Newala husikia sentensi mbili mara nyingi kiasi kwamba hazimshtui tena. Ya kwanza husema kuwa wanunuzi wa kangomba, yaani wanaonunua korosho kwa magendo na kwa kipimo chao wenyewe, wanavuruga soko. Ya pili husema kuwa malipo ya wakulima yamechelewa. Kwa hasara, huenda ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, kwa sababu aliyeuza kwa kangomba amepunjwa kwa kipimo, ilhali yule ambaye fedha zake hazijaonekana wiki kadhaa baada ya mnada hulazimika kukopa ada ya mtoto na chakula cha nyumbani, na mara nyingi anayemkopesha ni huyo huyo mnunuzi wa kangomba. Kwa sarufi, hata hivyo, sentensi hizi hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ina mtenda. Ana sura, ana pikipiki, anaweza kukamatwa usiku akiwa na magunia mawili. Ya pili haina mtu. Malipo yamechelewa yenyewe, kana kwamba yalikuwa yakitembea kwa miguu kutoka benki, yakaona mwembe njiani, yakakaa kupumzika.

Makala haya yanahusu tofauti hiyo. Hoja yangu ni kwamba katika lugha ya mambo ya umma huku Kusini, vitenzi vinavyoeleza kukosesha utulivu husemwa kwa kauli ya kutenda anapotajwa mtu mdogo, na hugeuzwa kuwa kauli ya kutendeka, au huachwa kabisa, jambo linapoanzia mezani kwa mkubwa. Mkulima anavuruga, mfumo unavurugika. Mchuuzi anayumbisha bei. Bei, ikitoka juu, inayumba. Silabi moja au mbili mwishoni mwa kitenzi zinatosha kuamua ni nani atakayeitwa kuhojiwa na ni nani atakayekaa meza kuu siku ya mkutano wa tathmini.

Vitenzi hivi havikuzaliwa na matatizo. Kuvuruga ni kukitoa kitu katika utulivu au mpangilio wake. Maji yaliyotuama huvurugwa, tope likapanda. Kuyumbisha ni kukifanya kitu kiende upande huu na huu bila lazima ya kukiangusha. Kuchochea ni kusukuma kuni ndani ya moto ambao tayari unawaka. Kuhujumu kumetoka katika Kiarabu kukiwa na maana ya kushambulia, na bado kuna ukali huo wa shambulio. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayevichanganya. Mwenye shughuli anajua kuwa mgeni mlevi ameivuruga harusi yake, hajaihujumu, na mshabiki wa Namungo anajua kuwa timu inaweza kuyumba mechi tatu bila benchi la ufundi kuvurugika. Mipaka hufutika maneno yanapoingia katika taarifa za ofisi, ambako kauli moja ya kuvuruga amani hutosha kwa kila tukio, kuanzia swali gumu kwenye mkutano wa kijiji hadi nyumba kuchomwa moto.

Neno linalokaa upande wa pili wa mizani ni shwari. Baada ya kila purukushani hutolewa taarifa kwamba hali ni shwari na wananchi waendelee na shughuli zao. Neno hili ni la baharini, na watu wa pwani yetu, kuanzia Kilwa Kivinje hadi Msimbati, bado wanalijua kwa maana yake ya kwanza: bahari imetulia, hakuna upepo wala wimbi. Kwa mwenye mtumbwi mdogo hiyo ni habari njema. Kwa nahodha wa jahazi la tanga ni habari ya mashaka, maana tanga hulegea na chombo hakiendi, na shwari ikidumu, maji ya kunywa huanza kugawanywa kwa kipimo. Chombo kinachosafiri huyumba, na kuyumba kwake hakumtishi aliyekizoea. Kinachomtisha ni kupinduka. Lugha ya pwani, kwa hiyo, ilikuwa na ngazi kati ya kutulia na kuangamia, na kila ngazi ilikuwa na neno lake. Lugha ya ofisi imezikunja zote na kubakisha mbili, shwari na vurugu, na mtu anayehoji bei hujikuta amesimama upande mmoja na mchoma nyumba kwa sababu tu hakukaa kimya.

Wakubwa wa nchi za Magharibi nao wana neno lao la kuyumbisha nchi, destabilize kwa Kiingereza, na safari ya neno hilo inastahili kutazamwa kidogo, kwa kuwa inaonyesha jinsi msamiati wa ofisini unavyoweza kuuficha mkono. Lilienea katika magazeti ya Marekani Septemba 1974, gazeti la New York Times lilipoandika juu ya kazi za siri za shirika la ujasusi la CIA nchini Chile dhidi ya serikali ya Salvador Allende, iliyopinduliwa tarehe 11 Septemba 1973. Neno hilo lilinasibishwa na William Colby, mkurugenzi wa CIA wa wakati huo, naye akakana kwamba lilitoka kinywani mwake. Rais alikuwa amekwisha kufa ndani ya ikulu yake, na ubishi ukawa ni nani aliyetamka neno gani. Sentensi iliyo wazi zaidi ilikuwapo tangu miaka minne kabla: katika maandishi ya mkono ambayo Richard Helms, aliyekuwa mkurugenzi wakati huo, aliyaandika kwenye kikao na Rais Nixon tarehe 15 Septemba 1970, limo agizo la kuufanya uchumi wa Chile upige yowe. Yowe lina koo linakotoka. Neno la kidiplomasia lililokuja baadaye lilikuwa safi, halikuwa na koo wala jasho, na ndiyo maana lilipendwa.

Mtwara haikuhitaji kwenda mbali hadi Chile kujifunza jambo hilo. Nachingwea ndiko wapiganaji wa FRELIMO walikofunzwa katika miaka ya kupigania uhuru, na Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, haikupewa nafasi ya kutulia. Idara ya ujasusi ya Rhodesia iliunda kundi lililokuja kuitwa RENAMO, na Zimbabwe ilipojitawala mwaka 1980, jeshi la Afrika Kusini ya makaburu likalichukua, likalilisha na kulipatia silaha. Reli, shule na zahanati ndizo zilizoshambuliwa kwanza, kwa sababu ndivyo vitu vinavyoifanya serikali mpya ionekane ipo. Tarehe 16 Machi 1984 Afrika Kusini ilitia saini Mkataba wa Nkomati na kuahidi kuacha. Msaada kwa RENAMO haukuisha. Vita vilikoma kwa mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992. Katika miaka hiyo yote watu walivuka Ruvuma wakiwa na watoto mgongoni, wakapokelewa na Wamakonde wenzao wa upande huu, na askari wetu waliopoteza maisha Msumbiji wamelala Naliendele, nje kidogo ya mji, jirani na kituo kinachotafiti mbegu za mikorosho.

Nimeirefusha historia hii kwa sababu inatupa kipimo. Hapo kuyumbisha nchi kulikuwa na maana kamili: kulikuwa na aliyekusudia, alikuwa na fedha na silaha za kutimiza kusudi lake, na kulikuwa na kitu kilichosimama ambacho alitaka kisisimame. Kinachokosa moja ya hayo matatu kinaweza kuwa kosa, uzembe, hasira au hata jinai, lakini kinastahili jina lake. Kwa kipimo hicho hicho, hakuna wa kubishana juu ya Kitaya. Mashambulizi ya wanamgambo yaliyoanza Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, tarehe 5 Oktoba 2017 yalivuka Ruvuma Oktoba 2020 na kukifikia kijiji hicho cha Mtwara Vijijini. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa. Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa, na mradi mkubwa wa gesi wa Afungi ukasimama. Waliofanya hayo walivuruga amani kwa kila maana ambayo kitenzi hicho kimewahi kuwa nayo.

Sasa lichukue neno hilo hilo ulirudishe miaka minane nyuma, hadi Mtwara mjini, tarehe 27 Desemba 2012, siku ambayo maelfu ya watu waliandamana kupinga mpango wa kusafirisha gesi kwa bomba hadi Dar es Salaam. Gesi yenyewe haikuwa habari mpya. Ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982, na watu wa huku walikuwa wamekwisha kusubiri vya kutosha kujua kwamba kugunduliwa ni jambo moja na kunufaika ni jambo jingine. Madai yao yalielezeka kwa sentensi moja: kama gesi iko hapa, viwanda vinavyotumia gesi navyo vijengwe hapa. Wito wa siku hizo, gesi haitoki, ulikuwa mkali kuliko madai yenyewe, kama ilivyo kawaida ya wito. Januari 2013 moto uliwaka Masasi, ofisi na nyumba zikateketea. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikuja Mtwara, akakaa na watu, hali ikapoa. Tarehe 22 Mei 2013, hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni na ikabainika kuwa bomba linaendelea kama lilivyopangwa, mji ulilipuka, mali zikachomwa, watu wakapoteza maisha na jeshi likaletwa mitaani.

Yapo matukio mawili hapa, na mwandishi mwaminifu hana ruhusa ya kuyafanya moja. Kuchoma nyumba ya mtu na kubomoa daraja ambalo wagonjwa wa Mikindani hupitia kwenda hospitali ni kuvuruga, na hakuna dai la gesi linaloweza kukipamba kitendo hicho. Maandamano ya Desemba yalikuwa ya namna nyingine. Yaliyumbisha mpango, na mpango wa bomba la zaidi ya kilomita 500 unapaswa kuwa na uwezo wa kuyumba kidogo bila kupinduka. Katika maelezo yaliyotawala baadaye, tofauti hiyo ilipotea, na neno lililoyafunika yote mawili likawa uchochezi. Walitafutwa wachochezi. Neno hilo lina udhaifu ambao waliolitumia hawakuuona: huwezi kuchochea majivu. Ukimwita mtu mchochezi umekubali kwamba moto ulikuwapo kabla hajafika na kijiti chake, na swali linalofuata kwa haki, moto uliwashwa na nini, lilistahili kamati na fedha sawa na zile zilizotumika kumtafuta mwenye kijiti. Bomba lilikamilika na kuzinduliwa mwaka 2015. Kiwanda cha kusafisha gesi kipo Madimba, na hilo lisemwe, kwa kuwa kipo Mtwara. Swali la viwanda vinavyotumia gesi hiyo bado linaulizwa.

Sheria nayo imechangia mkanganyiko huu kuliko tunavyokiri. Dhana ya uchochezi katika sheria zetu ni urithi wa Waingereza, na ilihifadhiwa katika Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 na baadaye katika Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Ukiisoma kwa makini utaona kwamba kinachopimwa humo kwa kiasi kikubwa ni hisia: kuleta chuki, kuleta dharau, kuamsha hali ya kutoridhika dhidi ya mamlaka halali. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, katika hukumu yake ya tarehe 28 Machi 2019, iliona kwamba vifungu kadhaa vya sheria ya 2016, vikiwamo vya uchochezi, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Mimi si mwanasheria, lakini kama mtumiaji wa Kiswahili nina swali moja. Mkulima wa Liwale ambaye Aprili 2013 aliambiwa kuwa malipo yake ya pili ya korosho yatapungua kuliko alivyotarajia, je, alihitaji mtu wa kumwamsha hali ya kutoridhika? Alikuwa ameamka tangu saa kumi alfajiri, akiwa na stakabadhi mkononi. Waliochoma nyumba Liwale siku zile walitenda kosa, na ni haki kosa hilo liitwe kwa jina lake. Ila aliyepunguza tarakimu kwenye karatasi hakupata kitenzi cho chote. Malipo yalipungua.

Korosho ndiyo inayotoa mifano mingi zaidi, na ule wa msimu wa 2018/19 unafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu kila aliyehusika alimwita mwenzake mvurugaji.

Katika minada ya wakati huo, barua za wanunuzi zilikuwa zikifunguliwa hadharani. Wakulima walikaa chini ya turubai au mti, maofisa wa chama kikuu cha ushirika na Bodi ya Korosho waliketi mbele, bahasha zilifunguliwa moja moja, na bei zilisomwa kwa sauti pamoja na kiasi cha kilo ambazo mnunuzi alizitaka. Baada ya bei ya juu na ya chini kusomwa, wakulima waliulizwa kama wanauza. Swali hilo ndilo roho ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima huweka korosho ghalani, hupewa stakabadhi, kisha korosho huuzwa mnadani, ulioanza Mtwara msimu wa 2007/08, maana bila uwezo wa kusema hapana, mnada unabaki sherehe ya kutangaziwa bei. Oktoba 2018, katika minada ya mwanzo, wakulima wa Tandahimba na Newala walisema hapana. Msimu uliotangulia kilo moja ilikuwa imevuka shilingi 4,000 katika baadhi ya minada. Sasa walisomewa bei zisizofika 3,000.

Je, kukataa kule kulikuwa kuvuruga soko? Kwa kila maana ninayoijua, hapana. Soko ni mahali ambapo mtu anaweza kukataa. Je, wanunuzi waliotoa bei ya chini walivuruga? Hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu sehemu kubwa ya korosho yetu huuzwa ghafi kwa India na Vietnam, na bei katika soko la dunia mwaka ule ilikuwa imeshuka kweli. Kusema kuwa bei imeyumba, bila kumtaja mtenda, kunaweza kuwa ukweli mtupu pale ambapo hakuna mtu mmoja aliyeiyumbisha. Sina ugomvi na kauli ya kutendeka inapotumika hivyo. Upepo hauna ofisi.

Yaliyofuata, hata hivyo, yalikuwa na watenda, na wote walijulikana. Tarehe 28 Oktoba Rais Magufuli alikutana na wanunuzi, ikakubaliwa kwamba bei isiwe chini ya shilingi 3,000. Wanunuzi wakasuasua. Tarehe 10 Novemba waziri wa kilimo na waziri wa viwanda na biashara waliondolewa, na bodi ya wakurugenzi ya Bodi ya Korosho ikavunjwa. Tarehe 12 Novemba ikatangazwa kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakapangwa kuzisomba. Wenye zaidi ya kilo 1,500 walitakiwa kuhakikiwa mashamba yao, ili ijulikane nani ni mkulima na nani amekusanya kwa kangomba.

Huku Kusini wengi walishangilia, na sitawacheka. Bei ile ilikuwa bora kuliko zote walizosomewa chini ya turubai. Lakini fuatilia vitenzi. Wanunuzi waliosuasua walihesabiwa kuwa wamevuruga soko, na mtenda alitajwa. Wa kangomba naye alitajwa, akafuatiliwa hadi shambani. Miezi ilipopita na wakulima wengi wakaingia mwaka 2019 wakiwa hawajalipwa, wenye maduka ya pembejeo wakidai, wenye magari wakidai, vibarua wa maghala wakidai, kauli ikabadilika ghafla kama swichi iliyozimwa: uhakiki umechukua muda, malipo yamechelewa, msimu umeathirika. Uhakiki uliamriwa na watu, ukafanywa na watu, na kasi yake iliwekwa na watu, lakini katika sentensi ulichukua muda peke yake. Mkataba wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000, uliotiwa saini Januari 2019, nao ukavunjika. Mikataba yetu ina afya dhaifu. Huvunjika bila kuguswa.

Utetezi upo, na ni wa kweli kwa sehemu. Mtumishi wa umma anayeandika taarifa hana mamlaka ya kumtaja bosi wake kwa kitenzi cha kutenda, na adabu ya Kiswahili yenyewe hutuzoesha kuzunguka. Mgeni akivunja kikombe nyumbani kwetu tunasema kikombe kimevunjika, tena kwa haraka, ili asione haya. Ni tabia nzuri sebuleni. Matatizo huanza adabu hiyo inapotolewa kwa upande mmoja tu. Kijana wa bodaboda aliyebeba gunia la korosho usiku hapati sentensi ya gunia limebebeka. Yeye amebeba, amevuruga, amehujumu, na akikosa bahati atasomewa shtaka la uhujumu uchumi, neno lililopata nguvu yake katika msako wa mwaka 1983 na ambalo hadi leo linapotamkwa mahakamani ndugu wa mshtakiwa huuliza kwanza habari za dhamana.

Ipo pia namna sisi wananchi tunavyolitumia neno hili dhidi ya wananchi wenzetu, na ni mbaya kuliko ya ofisi kwa sababu sisi tunaishi jirani na tunayemtaja. Katika vijiji vya Kilwa, Liwale na Nachingwea utasikia kwamba wafugaji ndio waliovuruga amani: mifugo imeingia mashambani, ufuta umekanyagwa, visima vimechafuliwa, na watu wamepigana hadi kuumizana. Mazao yaliyoliwa yameliwa kweli, na mkulima aliyeamka akakuta ekari yake imekwisha hahitaji somo la sarufi. Lakini wengi wa wafugaji hao hawakuamka siku moja wakaota habari za Lindi. Mwaka 2006 serikali iliamua kuwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na Ihefu kwa ajili ya kuokoa maji ya Ruaha Mkuu, na mkoa wa Lindi ukawa miongoni mwa sehemu walizoelekezwa. Uamuzi ule ulikuwa na saini, ulikuwa na tarehe, na ulipaswa kuwa na majosho, malambo na mipaka ya malisho kabla ya ng'ombe wa kwanza kufika. Leo mfugaji na mkulima kila mmoja anamwita mwenzake mvurugaji, kwa kauli ya kutenda iliyonyooka, ilhali sentensi inayohusu malambo husema kuwa miundombinu haijakamilika.

Nimesikia hoja kwamba kuchunguza vitenzi ni kazi ya walimu wa lugha na haileti bei nzuri wala kisima. Nakubali kwamba haileti kisima. Inaleta jina la mtu wa kuulizwa habari za kisima, na katika mikoa ambayo imezoea kuambiwa kwamba mambo yako kwenye mchakato, jina hilo ni mwanzo wenye thamani. Mbunge wa huku akisimama bungeni na kuuliza kwa nini malipo yamechelewa, atajibiwa kwa kauli ile ile aliyoulizia. Akiuliza ni nani ameyachelewesha, waziri atalazimika ama kutaja mtu ama kukwepa waziwazi, na kukwepa waziwazi nako ni jibu linaloandikwa kwenye kumbukumbu rasmi.

Waandishi wa habari wa Mtwara na Lindi wana nafasi kubwa zaidi kuliko wabunge, kwa sababu wao huandika kila siku. Taarifa kwa vyombo vya habari huja ikiwa imekwisha kupangwa vitenzi vyake, na mwandishi mwenye haraka huinakili ilivyo, ikatoka redioni jioni na neno vuruga likiwa limemkaa anayelalamika. Kinachotakiwa ni simu moja zaidi kabla ya kwenda hewani. Kwa mfano, karatasi ikisema kuwa malipo ya mnada wa tatu yamechelewa kutokana na changamoto zilizojitokeza, mwandishi anaweza kumpigia katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, kisha mhasibu wa chama kikuu, kisha benki, na sentensi itakayotoka humo itakuwa fupi kuliko ile ya kwanza: mnunuzi amelipa tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, na chama kikuu hakijaidhinisha fedha ziingie kwenye akaunti za wakulima.